Kujifunza ubia kwa waliotangulia: mwenyekiti mstaafu wa AMCOS, SIDO, kampuni kubwa au mzee wa sokoni? (Mtwara)

Mpwa wa Mikindani

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Tupo watu watatu, tunataka kuingia ubia wa kubangua korosho, kufungasha na kupeleka Dar. Chumba kipo, nyumbani kwa bibi yake mwenzetu hapa Mikindani, na fedha za kuanzia tumeshachanga. Kubangua hakunitishi, tutafundishwa. Kinachonitisha ni ubia wenyewe. Nimeshaona marafiki walioanza biashara kwa kula sahani moja, leo wakikutana njiani mmoja anavuka barabara. Nani anapanga bei, nani anashika fedha, faida inatolewa lini, mtu akitaka kujitoa anatokaje? Haya nataka kuyasikia kwa mtu aliyeyapitia.

Nimeshauriwa njia nne. Baba anasema nikakae na mwenyekiti mmoja mstaafu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Dada anasema SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo. Rafiki yangu wa kiwandani anasema tusubiri mafunzo ambayo kampuni kubwa huwapa wazabuni wadogo. Halafu kuna mzee wa sokoni aliyefanya biashara ya shirika na mwenzake tangu sijazaliwa. Huyo yuko tayari kutufundisha, ila anataka aingie awe mbia wa nne. Msimu unafunguliwa Oktoba, kote sitafika. Mngekuwa nyinyi mngeanzia wapi?

Katibu Mstaafu (Tandahimba)

Marahaba mpwa. Nimekuwa katibu wa AMCOS, kwa hiyo nitavutia kwangu, mnivumilie.

Kiongozi wa ushirika ana ujuzi mmoja ambao hao wengine hawana kwa kiwango chake: kushika mali ya watu wengi wasioaminiana. Tangu stakabadhi ghalani iingie kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima analeta gunia, linapimwa, anapewa risiti, anakwenda zake. Fedha ataiona benki, mnada ukishapita. Hapo katikati korosho inakauka na uzito unapungua. Mimi nimeona unyaufu ukigombanisha watu kuliko wizi. Kilo kidogo kwa kila gunia, zidisha kwa magunia ya kijiji kizima, tayari kuna mtu anaitwa mwizi.

Mwenyekiti niliyefanya naye kazi alikuwa na utaratibu wake. Gunia halipandi lori mpaka lipimwe tena mbele ya wanachama watatu, na mmoja wao lazima awe yule mlalamikaji mkubwa wa mkutanoni. Uzito wa kwanza, uzito wa pili, tofauti, saini. Asiyeandika anaweka dole gumba. Mkutano mkuu ukifika, mzee hahutubii, anafungua daftari na kuanza kusoma majina. Watu walikuwa wanasinzia, lakini hakuna aliyetoka pale akisema kafichwa.

Kwa hiyo ukienda kwa huyo wa baba yako, hotuba mwachie. Omba daftari. Kisha muulize habari za 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba. Malipo ya wengine yalichelewa, na viongozi wa vyama ndio waliokuwa wanagongewa milango usiku. Muulize aliwaambia nini wanachama siku ambayo jibu hakuwa nalo. Akikwambia "kwetu hakukuwa na shida", mshukuru, unywe chai, uondoke.

Ila tahadhari: ushirika si ubia. Kwenye ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na gunia moja au mia. Nyinyi mmechanga sawa? Kama hamkuchanga sawa, hapo mwenyekiti hana la kukupa.

Mama Karanga

Nipo Masasi, nabangua na wenzangu kwenye kikundi. SIDO nenda, mdogo wangu, lakini usiende kutafuta kiongozi kule. Nenda kwa mashine, vifungashio na kupiga hesabu ya gharama. Kilo nne mpaka tano za korosho ghafi zinatoa kilo moja ya karanga, yaani kiini kilichobanguliwa, na nzima haziuzwi bei ya vipande. Asiyezijua hizo hesabu atagombana na wabia wake kila wiki akidhani kuna mtu anakula fedha, kumbe zimekatikia kwenye mashine.

Kuhusu uongozi, mimi nilijifunza kwa mama mmoja wa kikundi. Alikuwa amebangua kwa mkono miaka mingi, vidole vyake vina weusi ule wa mafuta ya ganda usiotoka. Sheria yake ilikuwa moja: jioni hakuna kunawa mikono kabla karanga hazijapimwa. Beseni la nzima, beseni la vipande, jina la mtu, kilo. Vipande vilipozidi kwa mmoja wetu tukaanza kumsema, yeye akatubadilisha zamu za mashine wiki nzima bila kutoa sababu. Vipande vikahamia kwa aliyekaa kwenye mashine ile ile. Kumbe kisu kilikuwa kimelegea. Angeitisha kikao tungevunjika, maana tulishaanza kuvuta makundi.

Na tulivumilia pamoja. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 tukiwa tumeshaandaa kila karatasi, ikarudi 2024. Wakati wote huo hakuna aliyedai mchango wake, kwa sababu mama alikuwa anatusomea salio kila Ijumaa hata likiwa halijabadilika.

Kwa hiyo mimi nasema tafuta mtu aliyekutangulia hatua mbili tatu. Mzee aliyestaafu atakusimulia mambo makubwa, lakini ya mwezi wa kwanza ameshayasahau.

Fundi Bomba

Hao wa kampuni kubwa waache kwa sasa. Nimehudhuria semina zao. Ni nzuri: chakula kipo, cheti kipo, na kweli unajifunza kuandaa zabuni, ankara, risiti za EFD (mashine ya kodi), usalama kazini. Wanakufundisha kuwa mzabuni. Namna ya kuishi na mbia hawaigusi kabisa. Mimi kuna kampuni moja niliifanyia kazi, malipo yakachukua muda mpaka mwenzangu akaamini nimeshalipwa nikanyamaza. Hakuna semina iliyotuandaa kwa hilo.

Tena kwa kampuni kubwa za gesi asilia neno ubia lina maana yake. Sheria ya Petroli ya 2015 inasema huduma au bidhaa isipopatikana nchini, itolewe na kampuni iliyoingia ubia na kampuni ya wazawa, na mzawa awe na angalau asilimia 25. Wengi hapa Mtwara na Lindi tuliisikia hiyo 25 tukaanza kuota. Ni ubia wa mikataba minene na wanasheria pande zote mbili. Kwa chumba cha bibi Mikindani haikusaidii kitu.

Mwana Lindi

Mbona mzee wa sokoni mnamruka? Ndiye pekee katika hao wanne aliyeishi kwenye ubia wenyewe, watu wawili na fedha zao mfukoni. Mwenyekiti alisimamia mali ya wanachama, SIDO wanafundisha, kampuni inanunua. Huyu alikuwa analala akijua mwenzake ana ufunguo wa duka.

Katibu Mstaafu (Tandahimba)

Hatujamruka. Tunaogopa anachokitaka.

Mwana Lindi

Sawa, lakini hilo lina dawa. Asiingie ubia. Mpeni fungu la faida la msimu mmoja kama mshauri, kwa maandishi, likiisha limeisha. Akikataa mtajua alichokuwa anakifuata. Na kabla ya kusaini chochote, mtafuteni huyo mwenzake wa zamani. Yupo hai? Bado wanasalimiana? Mimi hapa Lindi nilipotaka kuingia kwenye biashara ya samaki wakavu na mzee mmoja, nilikwenda kwanza kwa aliyeachana naye. Yule jamaa hakumsema vibaya hata kidogo, alinionyesha tu karatasi ya mgawanyo wao: mizani kwa huyu, friji kwa yule, deni la mteja wa Kilwa nusu kwa nusu. Ile karatasi ilinifundisha kuliko mzee mwenyewe alivyonifundisha baadaye, na mzee ni mwalimu mzuri.

Wakili wa Ligula

Naingilia kidogo kwenye sheria, maana huyo kijana anaweza kupata walimu wote wanne na bado akaumia.

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kama hamna makubaliano yanayosema vinginevyo, faida mnagawana sawa na hasara sawa, hata kama mmoja kaweka mtaji mkubwa zaidi. Deni la ubia linamfuata kila mbia mpaka kwenye mali yake binafsi. Kusajili jina la biashara BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, hakubadilishi hilo, jina la biashara si kampuni. Kodi ya mapato haitozwi kwa ubia, inatozwa kwa kila mbia kwa fungu lake, kwa hiyo msije mkasema "biashara italipa".

Mbia akifariki, ubia unavunjika isipokuwa mmekubaliana vingine. Na huku kwetu mnajua: watakuja watoto wa marehemu na watakuja wapwa zake, kila upande na hoja yake, mashine ikiwa katikati. Huyo mzee wa sokoni muulizeni hasa hili. Watu wa umri wake wameshazika wabia.

Mama Karanga

Ghafi mtatoa wapi? Msinunue kichochoroni, hiyo ni kangomba, ununuzi wa korosho usio halali, na mtanyang'anywa. Pitieni Bodi ya Korosho kwanza, makao yao makuu si yapo hapo hapo Mtwara.

Mpwa wa Mikindani

Asanteni sana wote. Bodi tutakwenda wiki hii.

Katibu, umenigusa penyewe. Hatukuchanga sawa. Mwenzetu mmoja kaweka nusu, sisi wawili tumegawana nusu iliyobaki, na mpaka leo hakuna aliyelitamka hilo mezani. Kwa hiyo naona hivi: SIDO tutakwenda wote watatu kwa ajili ya hesabu na mashine. Mzee wa sokoni nitampelekea pendekezo la Mwana Lindi, na mwenzake wa zamani yupo Chikongola, nimeshapata njia ya kumfikia. Mwenyekiti nitakwenda na baba, kwa ajili ya daftari. Kampuni kubwa baadaye.

Mama Karanga, shikamoo. Tukija Masasi kuona mnavyopima jioni itawezekana?

Mama Karanga

Marahaba. Njooni siku yoyote ya kazi, mfike kabla ya saa kumi, na mje na nguo za kuchafua. Nina swali: hicho chumba cha bibi, mnalipa kodi au kimehesabiwa kama mchango wa huyo mjukuu?

Mpwa wa Mikindani

Hatujakizungumzia.

Wakili wa Ligula

Kizungumzieni kabla ya kufunga mashine, na bibi awepo.