Riba 2% kwa mwezi, mbona marejesho hayalingani?

Wakuu, nataka mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12. SACCOS ya kazini na kampuni ya mikopo wote wanasema 2% kwa mwezi, ila rejesho la kampuni liko juu. Kwa nini?

— Kampuni inatoza riba kwenye mkopo wa awali hadi mwisho, hata deni likibaki 100,000: riba 20,000 kila mwezi, jumla 240,000, rejesho la mwezi 103,333. SACCOS inatoza riba kwenye salio linalopungua: rejesho kama 94,560, riba yote takriban 134,700.

— Mkuu kamaliza. Angalia pia ada ya fomu na bima: wakikata 50,000 juu kwa juu unapokea 950,000, riba inabaki ya milioni. Dai ratiba ya marejesho kabla ya kusaini.

— Na uliza: ukimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa?