Mnaotoa maelekezo ya flashi ya uokoaji, mnawaponza wenye kompyuta za zamani

Wakuu, nimekaa na jambo hili siku nne, nikasema nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa.

Kompyuta iliyonifikisha hapa ni ya mama mdogo. Laptopu ndogo ya mwaka 2008, kichakataji Atom N270, RAM GB 1, diski GB 160, haina hata sehemu ya kuweka CD. Mama mdogo alikuwa mwalimu. Mitihani aliyotunga miaka yote, barua zake, picha za wanawe wakiwa wadogo, vyote vimo humo na hakuna nakala nyingine popote. Asubuhi moja ikagoma. Windows inaanza, inafika katikati, inajizima, inaanza tena. Ukisogeza sikio upande wa kushoto wa kibodi unaisikia diski ikigonga: tik, tik, kimya, tik. Mama mdogo wala hakuuliza kama itapona. Aliniuliza, "Mwanangu, picha bado zimo?"

Nikaingia mtandaoni kutafuta namna ya kutengeneza flashi ya uokoaji, yaani flashi yenye mfumo wake wa kuwashia kompyuta ili utoe mafaili Windows ikigoma. Kila mwongozo niliofungua, wimbo ni uleule: pakua toleo jipya kabisa la Linux, fungua Rufus (programu ya kuandikia flashi), chagua GPT (mtindo mpya wa kugawa diski), chagua UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), bonyeza anza, chomeka, buti (yaani washa kompyuta kwa flashi hiyo), umemaliza. Mwingine kaandika kwa herufi kubwa kwamba njia yake inafanya kazi kwenye kompyuta YOYOTE. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuuliza mashine ni ya aina gani. Hata mmoja!

Nikafuata neno kwa neno. Flashi ikaandikwa, nikachomeka, nikawasha. Kioo cheusi, kistari kimoja juu kushoto kinawaka na kuzima. Dakika tano, dakika kumi, kistari tu. Nikarudia na flashi nyingine, yale yale. Nikaanza kuamini kwamba bodi nayo imekufa, na nusura nimwambie mama mdogo hivyo.

Bodi ilikuwa nzima. Kompyuta ile ina BIOS ya zamani, programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine, na BIOS ya zamani haijui UEFI ni mdudu gani. Inachofanya ni kimoja: inasoma sekta ya kwanza ya flashi, baiti 512 basi. Humo baiti 446 ni za msimbo wa kuanzishia, 64 ni jedwali la partisheni (migawanyo ya diski), na mbili za mwisho ni alama ya 55 AA ya kuiambia BIOS kwamba hapa pana kitu cha kubuti. Flashi ikitengenezwa kwa GPT na UEFI peke yake, msimbo wa kuanzishia mfumo kwa njia ya BIOS haumo pale mbele. UEFI yenyewe hauhitaji, kwa sababu inakwenda moja kwa moja kutafuta faili la BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT. BIOS hailitafuti faili hilo wala haijui kama lipo. Kwa hiyo kile kistari kilikuwa jibu sahihi la mashine kwa maelekezo yasiyoihusu. Kwa mashine kama ile ulitakiwa kuchagua MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski) na BIOS, na ukiona Rufus ina kisanduku cha marekebisho ya BIOS za zamani, ukitie alama. Sentensi mbili tu hizo! Zingeandikwa, usiku wangu wa kwanza ungekuwa wa usingizi.

Na hiyo Rufus nayo. Mnasema "pakua ya mwisho" bila kukumbuka kwamba mwenye kompyuta ya zamani mara nyingi hata ile anayoitumia kutengenezea flashi ni ya zamani. Rufus za kuanzia 4.0 hazifanyi kazi kwenye Windows 7. Ya mwisho inayokubali ni 3.22. Mtu anabonyeza, programu inakataa kufunguka, anadhani kapakua kirusi.

Usiku wa pili nikatengeneza kwa MBR. Safari hii ikabuti, menyu ikatokea, moyo ukatulia. Nikabonyeza Enter. Ukatokea mstari mmoja kwamba kernel hii (kiini cha mfumo) inadai kichakataji cha x86-64, yaani biti 64, na imekikuta cha i686, yaani biti 32. Ikasimama hapo. N270 ni ya biti 32, na lile "toleo jipya kabisa" mlilotupeleka ni la biti 64. Hili si jambo la kujificha. Ubuntu, moja ya Linux zinazotumika sana, waliacha kutoa ISO (faili la mfumo la kuandika kwenye flashi) ya kompyuta za mezani ya biti 32 tangu toleo la 17.10, mwaka 2017. Debian nao wameacha kutoa kisakinishi cha i386 (biti 32) kuanzia Debian 13, mwaka 2025. Kila mwaka mlango unazidi kuwa mwembamba, na ndiyo maana kuandika "chukua yoyote mpya" ni kumpoteza mtu mchana kweupe. Zipo bado zinazofaa. antiX 23 ina ya biti 32. Na SystemRescueCd za namba 5, kabla hawajahamia kwenye msingi wa Arch mwaka 2019, zilikuwa na kernel za biti 32 na za biti 64 ndani ya flashi moja, zikiwemo rescue32 na rescue64, unachagua mwenyewe kwenye menyu. Hiyo ya namba 5 ndiyo iliyonitoa.

Yote hayo ningeyasamehe. Muda umepotea, basi. Nisichokisamehe ni ushauri unaoua data.

Kuna mwongozo mmoja wa Linux unaosifiwa sana, nimeuona umenakiliwa sehemu tatu tofauti. Umeandika hivi amri ya kunakili ISO kwenye flashi:

dd if=mfumo.iso of=/dev/sdb

Hivyo hivyo, bila onyo, bila kueleza sdb ni nini. Jamani! Kwenye kompyuta ya mwandishi sdb ilikuwa flashi yake. Kwenye kompyuta ya msomaji mwenye diski mbili, sdb inaweza kuwa diski ya pili yenye kazi zake zote. Na dd haiulizi "una uhakika?" Inaandika pale ulipoielekeza, kuanzia sekta ya kwanza, na jedwali la partisheni ndilo la kwanza kufutika. Andikeni kwanza lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Mwambieni mtu aiendeshe kabla ya kuchomeka flashi na baada ya kuchomeka, aangalie kilichoongezeka, alinganishe ukubwa: flashi ya GB 8 haiwezi kuonekana kama GB 500. Kisha mwambieni anaandika kwenye diski nzima, si kwenye sdb1 (partisheni moja tu), la sivyo ile sekta ya kwanza haiguswi na flashi haitabuti kamwe. Na asichomoe kabla ya amri ya sync kumaliza kuandika kila kitu.

Halafu wapo wa "fomati tu, piga Windows upya". Huu ni uokoaji wa nini? Mtu amekuja na diski inayogonga, picha za watoto zimo ndani, unamwambia afomati? Kuna mwingine aliniambia niendeshe chkdsk (kikaguzi cha diski cha Windows) yenye /r "itengeneze bad sekta". Diski inayogonga inakufa. chkdsk /r inailazimisha isome kila kona, hata zile kona mbovu zenyewe, na juu yake inabadilisha mpangilio wa faili wakati bado hujanakili chochote. Ukifanya hivyo kwenye diski iliyobakiza saa chache za uhai, umeimaliza.

Kinachofanyika ni kunakili kwanza, na kuna chombo cha kazi hiyo: ddrescue. Nilibuti kwa flashi, nikachomeka diski ya nje kubwa kuliko ile ya ndani, nikaendesha mzunguko wa kwanza kwa -n, wenye kuchukua maeneo mazima na kuruka yanayosumbua. Kila kilichosomeka kinaandikwa kwenye faili la ramani, kwa hiyo kompyuta ikizima unaanzia ulipoishia. Yangu ilizima mara mbili kwa joto. Baada ya hapo ndipo unarudi kwenye yale mabovu kwa -d -r3, na ikishindikana angalau wingi umeshaupata. Mapicha na mafaili unayatafuta kwenye ile nakala kwa testdisk au photorec, na diski yenyewe unaizima na kuiweka pembeni. Hapa pia kuna aliyeandika kwamba unaweza kutunza nakala kwenye "flashi yoyote". Nyingi zinakuja na mfumo wa faili wa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Nakala ya diski ya GB 160 unaiweka wapi? Diski ya kupokelea iwe ext4 au NTFS.

Mengine madogo, lakini nayo hamyasemi. BIOS nyingi za zamani hazikuonyeshi flashi kwenye orodha ya vifaa vya kuchomeka, inajificha ndani ya orodha ya diski kuu, na inaonekana tu kama ilikuwa imechomekwa kabla ya kuwasha. Mpangilio wa kubuti ukikataa kukaa na saa inarudi miaka ya nyuma kila ukizima, betri ndogo ya kwenye bodi, CR2032, imekwisha. Na hakikini SHA256 ya ISO (alama ya kuthibitisha kwamba faili ni zima) kabla ya kuiandika. Faili lililopakuliwa nusu linaweza kubuti vizuri tu na kukuangusha katikati ya kazi.

Nakala ilichukua saa kumi na moja. Mzunguko wa kwanza ulipoisha saa nane usiku, sehemu isiyosomeka ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Nikafungua folda ya picha kwenye ile nakala. Ya kwanza ilikuwa ya binamu yangu akiwa na meno mawili, kashika chaki. Ya pili nusu yake ya chini ni kijivu kitupu, na haitarudi. Siku mbili nimeiwasha na kuizima diski hiyo nikihangaika na flashi zenu zisizobuti, inagonga muda wote, na hakuna wa kunishawishi kwamba haikuzidi kuharibika katika siku hizo mbili.

Basi wewe uliyeandika /dev/sdb. Mwongozo wako bado upo, nimeuangalia kabla ya kuandika hapa, na jana kuna mtu kakushukuru akisema anakwenda kujaribu usiku. Karekebishe sasa hivi.