Siku tatu pwani na watoto: gari lipite ufukweni, na hema tulitege wapi?

Mama wa Wawili
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kwa mliozoea safari za gari na hema. Mimi, mume wangu na watoto wawili (miaka 9 na 12) tunataka kuifuata pwani kwa siku tatu, upande usio na watu: kilomita kama 180 bila kituo cha mafuta, njia ya mchanga, na mito miwili inayoingia baharini. Tumechagua mwezi mpevu ili usiku kuwe na mwanga. Watoto hawana habari nyingine ila kasa, wanataka kumwona akipanda kutaga. Sasa ramani inaonyesha tukipita ufukweni kwenyewe tunakata karibu nusu ya njia, na mume wangu ameshaipenda hiyo. Gari letu liko juu kiasi, lakini linavuta magurudumu mawili tu. Roho yangu nzito. Nakosea kuogopa?

Mzee wa Bamvua
Hukosei, mwanangu. Huo mwezi mpevu mnaoutaka kwa mwanga ndio unaoleta bamvua. Maji hujaa kupita siku za kawaida, na kilele chake mara nyingi huja siku moja au mbili baada ya mwezi kukamilika, yaani mkiwa katikati ya safari. Ufukwe mlioukuta mpana asubuhi unaweza kumezwa wote kabla ya jioni. Gari likizama mchangani huku maji yanarudi, hamtapata muda wa kuchimba. Mwambie bwana njia ya mkato muiache.

Mito nayo iangalieni. Karibu na mdomo wa mto maji hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa hiyo kivuko mlichopita maji yakiwa ya kifundo mchana yanaweza kuwa ya kifua. Tafuteni jedwali la maji kujaa na kupwa la pwani hiyohiyo, mpange saa za kuondoka kwa kulifuata. Msikadirie kwa kilomita. Na kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50.

Upepo wa Tairi
Naongezea kuhusu njia ya ndani. Mkifika kwenye mchanga mwingi, punguzeni upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi karibu 20, mwende taratibu bila kukata kona kwa ghafla, maana tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Bebeni pampu, kwa sababu kabla ya kurudi kwenye lami lazima mjaze. Tairi legevu likikimbizwa linapata moto na kupasuka. Niliwahi kukwama nikiwa na jeki nzuri kabisa, ikazama mchangani yenyewe. Tangu siku hiyo sitoki bila kipande cha ubao cha kuiwekea chini. Maji ya kunywa na kupikia mimi huhesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, kwenu ni lita 60. Mafuta pia yaongezeni, mchanga unayala.

Macho ya Membe
Mzee, naheshimu, ila bamvua ina neema zake. Maji yakijaa sana hupwa sana, na hapo miamba na madimbwi huachwa wazi, watoto wakaona viumbe wasiowaona siku nyingine. Mkitaka kuwatazama ndege wa pwani, kaeni chini mtulie saa mbili kabla ya maji kujaa: maji yanawasukuma kutoka kwenye matope hadi karibu nanyi. Msiwakimbize wakipumzika. Mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa jamii ya sululu alifuatiliwa kwa setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 bila kutua. Anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo anahitaji kila tonge.

Nyayo za Kasa
Kwanza ulizeni kama ni msimu wa kutaga, maana kila pwani ina msimu wake, na kama kuna walinzi wa viota nendeni nao. Kasa jike akipigwa na mwanga akiwa anapanda, hugeuka akarudi majini. Tochi nyeupe zizimwe, kaeni nyuma yake, msimguse. Watoto wakiona machozi waambieni halii, anatoa chumvi iliyozidi mwilini. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, na vifaranga hufuata upande wenye mwanga zaidi. Usiku wa asili, huko ni baharini. Mkiwasha moto ufukweni, watakuja kwenu na kufa.

Mama wa Wawili
Nimewasomea wote mezani. Mume wangu amekubali njia ya ndani, na tumesogeza safari wiki moja mbele. Mdogo ameshatafuta nailoni nyekundu ya kufunika tochi. Lililobaki ni hema, na moto wa kupikia.

Mzee wa Bamvua
Mmefanya vema. Wiki hiyo ni maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana, na mwezi utachomoza karibu usiku wa manane, hivyo mtaziona nyota. Hema liwe juu ya mstari wa takataka za bahari, mbali na ukingo wa mto. Penye mamba ongezeni umbali, mita 50 au zaidi. Penye viboko msilale kati ya maji na majani, maana usiku ndiyo njia yao ya kwenda kula. Chakula kilale ndani ya gari. Moto pikieni nyuma ya vichaka, mapema, msiuzime kwa kuufukia: makaa chini ya mchanga hukaa na moto kwa saa nyingi, na mtoto akipita peku ataungua. Mwageni maji, koroga, mwageni tena mpaka pawe baridi.