Tupeane uzoefu: ulikwama wapi ulipoandaa viza ya masomo?

Ndugu zangu, nimeanzisha mada hii kwa sababu mdogo wangu amepata udahili wa shahada ya uzamili nchini Ujerumani, nami namwona anavyoishika ile barua kana kwamba ameshafika. Mwaka 2019 nilikuwa hivyo hivyo nilipopata chuo Marekani, hadi nilipoweka nyaraka zangu mezani na kukuta cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha kidato cha nne kina matatu, na jina la babu katika pasipoti limepungua herufi moja. Hati ya kiapo kwa wakili niliipata siku hiyo hiyo. Kilichonichelewesha ni kukiomba chuo kitoe upya fomu ya I-20, ile ambayo chuo cha Marekani humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza, ili jina lilingane na la pasipoti, na wiki tatu zikapita kabla sijapanga tarehe ya mahojiano. Tafadhali simulieni mlipokwama, hata kama kosa lilikuwa lenu.

*Aliyetoka Arusha kwenda Uingereza:*
Mimi nilikwamishwa na siku 28. Wanataka ada iliyobaki pamoja na fedha za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango, na taarifa ya benki isiwe na umri unaozidi siku 31 unapowasilisha maombi. Baba aliuza ng'ombe, mjomba akaongezea, lakini kwa kuwa akaunti inayokubalika ni ya mwombaji au ya mzazi, fedha za mjomba ilibidi zihamishiwe kwangu kwanza ndipo hesabu ianze. Zikiwa zimebaki siku chache, nikachomoa kiasi kidogo ili nilipie kipimo cha kifua kikuu, ambacho nacho ni sharti kwa anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Salio likapungua, nikaanza kuhesabu upya tangu siku ya kwanza. Sharti moja ndilo lililonifanya nivunje jingine! Kuna pia mchango wa huduma za afya, ambao kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, nao hulipwa kwa mkupuo kwa muda wote wa viza.

*Aliyesoma Marekani:*
Mahojiano yangu ya kwanza, mwaka 2023, hayakufika dakika tatu. Niliulizwa kwa nini nimechagua chuo kile, nami nikatiririsha sifa nilizozikariri kutoka tovuti yao. Nikarudishiwa pasipoti pamoja na karatasi inayotaja kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, ambacho humchukulia mwombaji kuwa anakusudia kuhamia huko hadi athibitishe vinginevyo. Ada ya viza, dola 185, ilibidi niilipe tena, ingawa ile ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, iliendelea kutumika kwa sababu niliomba aina ile ile ya viza ndani ya miezi 12. Mara ya pili nilieleza kwa maneno yangu somo ninalokwenda kusoma, nani analipa na kazi ninayoikusudia nikirudi. Sidhani kwamba nyaraka ndizo zilizoniokoa, kwani zilikuwa zile zile.

*Mkazi wa Mombasa aliyekwenda Ujerumani:*
Mwenye mada, haya ni kwa ajili ya mdogo wako. Nilipoomba viza kwa masomo ya Oktoba 2024, akaunti iliyozuiliwa, ile wanayoiita Sperrkonto, ya kuthibitisha kwamba una fedha za kujikimu, ilitakiwa kuwa na euro 11,904, na nilidhani kwamba kwa kuwa fedha ni zangu, zingenipokea nikishuka kwenye ndege. Kumbe zilitolewa euro 992 tu kwa mwezi, tena baada ya kufika, kufungua akaunti ya kawaida huko na kukamilisha uthibitisho. Na mahali pengine huwezi kukamilisha hayo kabla ya kuandikisha anwani yako kwenye ofisi ya manispaa, wala huwezi kuandikisha anwani bila barua ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye alitaka dhamana kabla ya kunipa ufunguo. Niliishi wiki nne kwa fedha taslimu alizonishurutisha mama nizifiche sokisini, nami nilikuwa nimemkatalia mara mbili.