Tupeane uzoefu: muziki unatengenezea kwenye Windows, Mac au Linux? Na uliiseti vipi mashine mpaka ikatulia?

PadiMoja
Wakuu habari za muda huu. Nina laptopu ya i5 kizazi cha 7, ramu 16, SSD, natengeneza biti kwa FL Studio na kurekodi madogo wa mtaani kwa intafesi (kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta) ndogo ya matundu mawili. Windows 10 yangu inapiga kazi vizuri tu ila Microsoft walishafunga sapoti tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaikataa hii mashine, prosesa haimo kwenye orodha yao. Fundi mmoja ananiambia nipige 11 kwa kulazimisha na Rufus, ile programu ya kuandaa flashi ya kupigia Windows, mwingine anasema uza ununue Mac, halafu kuna jamaa yangu wa chuo yeye kila kitu jibu lake ni Linux. Sitaki ligi ya ipi bora, hiyo imeshachosha. Nataka mtu aniambie yeye mwenyewe anatumia nini, anafanya muziki gani, na aliiseti vipi mpaka mikwaruzo kwenye sauti ikaisha. Karibuni

Mtwangio200
Mimi singeli tu, Windows 10 hiyo hiyo, na sihami leo.

Kwanza uelewe kwa nini singeli inaiumbua mashine. Spidi ikiwa 200 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 300, ukilikata mara nne unabaki na 75. Sasa bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho mashine inakikusanya kabla ya kukitoa, ukiiweka sampo 1024 kwenye sampo 44100 kwa sekunde, hapo umeshachelewa milisekunde 23 na ushee, na hiyo ni bafa peke yake kabla hujaongeza ucheleweshaji wa intafesi yenyewe, yaani karibu theluthi ya kale kapigo kadogo. Unagonga pedi ngoma inalia pembeni. Anayetengeneza zouk anaweza asione kitu, sisi tunaona mpaka tunachukia. Kwa hiyo wakati wa kugonga naweka 256 ambayo ni kama milisekunde 6, nikianza kumiksi narudisha 1024 mashine ipumue, maana wakati wa kumiksi hakuna ninachogonga kwa mkono.

Mikwaruzo yangu ilikuwa inatokea hata bafa ikiwa juu. Kila niliyemuuliza anasema ongeza ramu. Nikashusha LatencyMon, ya bure, unaiwasha halafu unaacha projekti nzito inacheza, yenyewe inakuonyesha ni draiva gani (programu inayoendesha kifaa) inaing'ang'ania prosesa muda mrefu mpaka sauti inakosa zamu. Ikawa ni draiva ya waifai! Nikaizima kule Device Manager, kimya, projekti ile ile ikapita safi. Sasa hivi studio ikifunguliwa waifai inafungwa. Pawa plani iko High performance na ile ya kulaza USB nimeitoa, laptopu nyingi zikilaza USB intafesi inapotea katikati ya mistari ya msanii. Basi. Zile video za mtandaoni za kuzima vitu hamsini kwenye Windows mimi sizigusi, nusu yake hata aliyezitengeneza hajui zinafanya nini

Kuhusu sapoti: kuna ESU, yaani sapoti ya ziada ya usalama, ya watu wa kawaida, unajiandikisha kwenye Settings sehemu ya Windows Update, unaendelea kupata apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Hiyo inakupa muda wa kujipanga bila presha za mafundi

PadiMoja
Mkuu hapo nimekuelewa sana. Draiva ya sauti unatumia ASIO4ALL au ile ya FL?

Mtwangio200
Nikiwa na intafesi natumia draiva ya kampuni iliyoitengeneza, sina mjadala hapo. Nikiwa na laptopu tupu kwenye daladala natumia FL Studio ASIO kwa sababu inaniachia nisikie na vitu vingine kwa pamoja, nikitaka kusikiliza sampo kwenye brauza naisikia. ASIO4ALL inaishika kadi ya sauti peke yake, ila kuna mashine inakupa bafa ya chini zaidi. Jaribu zote mbili

MwalimuWaKwaya
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Mimi nipo Mwanza, narekodi kwaya, yaani watu 30 wakiwa kanisani na maiki nane kwa mpigo. Hapo ndipo uchaguzi wangu ulipoanzia, sikuanza na kompyuta, nilianza na kile kiboksi. Intafesi za USB za tundu nane bei yake mnaijua. Nikapata ya zamani ya FireWire kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna anayezitaka tena, laptopu za siku hizi hazina hilo tundu kabisa. Nikatafuta mashine ya kuifuata: MacBook Pro ya 2012, ile nene yenye sehemu ya CD, ina FireWire 800, unaweka kebo ya kugeuza kutoka FireWire 400 ya kiboksi. Nikaongeza ramu mpaka 16 na kutoa ile diski ya kuzunguka nikaweka SSD, hiyo Mac bado inafunguliwa kwa bisibisi.

Mfumo nimeuacha Mojave kwa makusudi. Hiyo mashine rasmi inakwenda mpaka Catalina, ya 2019, lakini Catalina ndiyo ilifuta programu zote za zamani za biti 32, na plagini (programu ndogo za ala na sauti) zangu kadhaa za kinanda ni za umri huo. Kwa hiyo nimebaki Mojave, intaneti siiwashi kabisa, narekodi kwa Reaper, kazi ikiisha naiweka kwenye diski ya nje na nakala nyingine nampa katibu wa kwaya. Watu wananicheka mfumo wa 2018. Sawa, ila mashine ya studio haina lazima ya kuwa ndiyo hiyo hiyo ya benki na fesibuku. Mkizitenganisha, nusu ya hofu ya sapoti inaisha

Na mjue hii njia inafungwa: macOS mpya ya Tahoe haina FireWire tena. Kwa hiyo msikimbilie vile viboksi bila kujua mashine ya kuviendeshea mtaipata wapi miaka mitano mbele

FundiWaChini
Mimi ni fundi, muziki nafanya jioni. Kupiga Windows 11 kwenye kizazi cha 7 kwa kutumia Rufus inawezekana, inaruka ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama) na ramu, na inakimbia vizuri tu. Tatizo Microsoft hawakuahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata apdeti, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka huwa hayaji yenyewe, unarudia kupiga na flashi. Kwa mtu anayerekodi wasanii kwa hela mimi nisingemshauri.

Kwa wenye mashine mpya inayokubali 11, mambo mawili ambayo mafundi wengi hawasemi. Moja, ukiingia na akaunti ya Microsoft mwanzoni kabisa, matoleo ya sasa yanaweza kuwasha usimbaji wa diski yenyewe kimya kimya. Siyo vibaya, ila ule ufunguo wa tarakimu 48 nenda kauchukue kwenye akaunti yako uuandike daftarini LEO, kwa sababu siku ubao wa ndani ya mashine ukifa na unataka kutoa diski ukachukue projekti za watu, bila ufunguo hakuna fundi atakayekusaidia, hata mimi. Mbili, OneDrive ikipewa ruhusa inalinda folda ya Documents, na FL Studio data zake inaziweka humo humo ndani ya Image-Line. Maana yake masampo na rekodi zako zinaanza kupanda mtandaoni kwa bando lako. Itoe Documents kwenye OneDrive, au hamisha folda ya FL iende diski nyingine kabla hujaanza kazi

Halafu krak, yaani programu za wizi. Nimeletewa laptopu hapa, kijana alishusha plagini ya bure kwenye telegramu, asubuhi faili zote zina mkia wa ajabu na karatasi ya kudai hela. Albamu nzima ya mtu. Hakuna nakala. FL ukishanunua apdeti ni za bure maisha yote, sasa mnahangaika nini? Ila chukua Producer, ile ndogo ya Fruity hairekodi sauti ya mtu

Mtwangio200
Fundi hapo kwenye "mnahangaika nini" umesahau kuna madogo hawana hata kadi ya kulipia mtandaoni 😂

FundiWaChini
Basi watumie ile ya majaribio, inatoa wimbo hadi mwisho na kuhifadhi, inachokataa ni kufungua tena projekti uliyoifunga. Inakufundisha kumaliza biti siku hiyo hiyo

GitaaKavu254
Sasa niingie mimi wa Linux kabla mnitukane. Niko Nairobi, napiga gitaa, narekodi benga na vitu vya acoustic, plagini nyingi sihitaji. Laptopu yangu ni nzee kuliko ya mwenye uzi. Natumia Ubuntu Studio, Reaper yenye iko na toleo la Linux kabisa siyo ya kuforce, na intafesi ya USB ya kawaida haikuitisha draiva yoyote, nilichomeka tu ikaonekana. Leseni ya Reaper ndogo ni dola 60, unapewa siku 60 za kujaribu.

Setup yenyewe si kubwa. Sauti inasimamiwa na PipeWire, bafa huku wanaita quantum, nikitaka kurekodi gitaa naandika kwa terminali
pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256
nikimaliza narudisha 0 inajipangia yenyewe. Waifai nazima pia, hiyo ugonjwa haichagui mfumo.

Lakini buda nikwambie ukweli, kama maisha yako yote iko ndani ya FL Studio usihamie huku. Haina toleo la Linux. Kuna watu wanaiendesha kwa Wine, ile ya kufungua programu za Windows ndani ya Linux, na inafunguka, mimi siwezi weka session ya mtu amelipa juu ya kitu kama hiyo. Plagini za Windows zinapita kwa yabridge, daraja la kuzileta Linux, zingine fiti kabisa, zile za leseni ngumu zinagoma. Anza hivi: choma Ubuntu Studio kwa flashi, washa laptopu kutoka kwa flashi bila kuinstall kitu, chomeka intafesi, sikiza. Isipoenda unazima unarudi kwa Windows yako, hakuna kitu imeguswa

BintiUdi
Assalaam alaykum. Mie Zanzibar, narekodi taarab, udi, qanuni na fidla, na vinanda vya kompyuta pembeni. Natumia Mac mini ya M1 ramu 8 na Logic. Sababu yangu khasa haikuwa jina la Mac. Kwenye mipangilio ya projekti ya Logic kuna sehemu ya tuning, unaweza kushusha noti moja moja kwa senti (vipimo vidogo vya noti) unazotaka, kwa hiyo kinanda kinakaa pamoja na qanuni kwenye maqam zenye robo sauti. Kabla ya hapo vinanda vilikuwa vinagombana na qanuni mpaka mpigaji anakasirika anafunga boksi lake.

Uzuri wa pili, hakuna habari ya kutafuta draiva za ASIO kama Windows, Core Audio inayosimamia sauti iko ndani ya mfumo. Bafa 128 kwa kurekodi na mashine haitoi hata mlio wa feni. Lakini mini haina betri jamani! Umeme ukikatika imezimika hapo hapo na mwimbaji yuko katikati ya ubeti. UPS ni lazima, na intafesi nayo iwe kwenye UPS. Anayekaa sehemu umeme unacheza akanunue laptopu. Na ramu 8 huwezi kuongeza baadae, imeshonwa, mie nyimbo ikiwa na vyombo vingi nageuza treki kuwa sauti ndio mambo yaende

Apdeti mpya ikitoka siibonyezi mpaka kampuni ya intafesi yangu iandike kwamba inafanya kazi

PadiMoja
Asanteni sana wote. Nimeendesha LatencyMon jana usiku, kumbe kwangu siyo waifai, ni draiva ya kadi ya video, nimeiweka ya zamani kidogo na kweli 256 inapita. Nabaki na 10 nimejiunga na ESU, na flashi ya Ubuntu Studio naichoma wikiendi nione intafesi itasemaje. Mwalimu hiyo kebo ya kugeuza 400 kwenda 800 uliipata wapi? Kuna jamaa anauza kiboksi kama chako

MwalimuWaKwaya
Nilimwagiza mtu anatoka Dubai, Kariakoo niliulizia duka kwa duka wakanionyesha za HDMI. Kabla hujanunua hicho kiboksi mwambie akiwashe uone, na muulize kama adapta yake ya umeme ipo