Mrejesho: Dawa ya kuzuia kimeng'enya aliyoandikiwa baba
Wiki sita zilizopita niliuliza kwa nini baba yangu, mwenye ugonjwa wa Alzheimer, aliandikiwa donepezili, dawa inayozuia kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini), ilhali tulifundishwa kwamba mwili hauwezi kufanya kazi bila vimeng'enya. Nawashukuru mlionijibu, na daktari wake amethibitisha mengi mliyosema.

Asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine, huvunjwa upesi mno na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Kwa kuwa ugonjwa huu huua seli zinazoitengeneza, kukizuia kimeng'enya hicho huifanya ile kidogo iliyosalia idumu zaidi. Kilichonishangaza, na kunitisha kidogo, ni kwamba viuatilifu vya jamii ya organofosfati hushambulia kimeng'enya hicho hicho. Ila vyenyewe hukishika bila kukiachia, hata misuli ya kupumulia ikaweza kushindwa kazi, wakati donepezili hukiachia.

Baba alianza na miligramu 5 usiku. Kichefuchefu kilimsumbua siku za mwanzo, kisha zikaja ndoto za kutisha, ambazo zimepungua tangu daktari aihamishie dawa asubuhi. Mapigo ya moyo yanafuatiliwa pia, maana dawa hii inaweza kuyapunguza kasi. Kumbukumbu haijarudi, wala hatukuahidiwa hivyo, kwa sababu dawa haizuii seli kufa. Hata hivyo, sasa anafuata mazungumzo hadi mwisho. Kesho kutwa tunarudi kliniki ili iamuliwe kama aongezewe hadi miligramu 10.