Hedifoni za chumba cha watu wanne hosteli: waya, Bluetooth au za kufuta kelele?

Kijana_wa_Mabibo
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili Mlimani, nakaa Hosteli ya Mabibo. Chumbani tumepangwa wanne, na mmoja wetu anambeba rafiki yake aliyekosa nafasi, kwa hiyo usiku tunalala watano. Kelele zinazonisumbua ni malori ya Barabara ya Mandela yanayokwenda na kutoka bandarini, feni, na stori za wenzangu, hasa siku Simba na Yanga wamecheza. UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zinakaribia na mimi muda wangu wa kusoma ni usiku. Natazama video za mihadhara, nasoma PDF, mara chache naweka kaswida au muziki wa taratibu.

Upande wa pili, jamaa wa kitanda cha chini analala mapema kwa sababu ana vipindi vya saa moja asubuhi. Sitaki sauti yangu imfikie.

Bajeti ni laki moja na nusu, bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) likitoka naweza kusogea hadi laki mbili. Nimebaki na tatu kichwani: Sony WH-CH720N nikizipata za mkono wa pili, JBL Tune 520BT, au iafoni za waya za KZ ambazo naona zinasifiwa sana. Simu ni Samsung isiyo na tundu la pini ya 3.5 mm, laptopu inalo. Naomba ushauri wa waliokaa hosteli.

MtuWaMasafa
Mkuu, umetaja kelele za aina mbili tofauti na hapo ndipo jibu lilipo. Watu wengi husikia "inafuta kelele" wakadhani itafuta kila kitu. Ndani ya hedifoni hizo kuna maiki ndogo inayosikiliza mlio wa nje, halafu chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yakikutana yanafifishana. Inafanya kazi vizuri kwa mlio mzito usiobadilika: injini, feni, jenereta. Ndiyo maana ilianza kwa marubani, Bose walitoa zao za ndege mwaka 1989. Ukipanda juu ya hezi 1,000 hivi nguvu yake inapungua sana, na huko ndiko sauti ya mtu inakopata herufi zake. Kwa hiyo malori ya Mandela yatapotea, feni itapotea, lakini mjadala wa penalti utausikia, tena unaweza kuusikia vizuri zaidi kwa sababu mngurumo uliokuwa unaufunika umeondoka.

Sauti za watu huzuiwa na kitu kimoja: kuziba sikio. Hapo iafoni zinazoingia ndani ya tundu la sikio zinashinda hedifoni nyingi za bei hiyo, hata kama hazina betri wala chipu.

Tune 520BT mimi ningeziondoa kwenye orodha. Betri yake ni nzuri mno, JBL wanasema saa 57, ila zinakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka. Kelele inaingia pembeni na sauti yako inatoka pembeni. Kwa mtu anayekaa peke yake ni mali nzuri. Kwa chumba chenu hapana. Halafu hazina tundu la waya, betri ikiisha imeisha.

Binti_Unguja
Naongezea jambo ambalo wanaume huwa hawalitaji. Mimi navaa mtandio, na nina miwani. Hedifoni za kuzunguka sikio zikikaa juu ya kitambaa haziwezi kuziba, na mkono wa miwani nao unafungua mwanya pale juu ya sikio. Mwanya mdogo tu na mngurumo wote unaingia, halafu unajikuta unapandisha sauti. Rumeti wangu alikuwa na Sony nzuri kabisa, akizivaa yeye anafurahi, nikizivaa mimi naona kama hazifanyi kitu.

Nilihamia iafoni za waya zenye waya unaopita nyuma ya sikio. Zinakaa chini ya mtandio, hazichomozi, naweza hata kulala ubavu. Joto nalo lifikirie, kaka. Dar mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama, umevaa mito ya ngozi bandia masikioni: baada ya saa moja jasho linatiririka. Mito ile ikilowa mara kwa mara inaanza kubanduka magamba meusi yanayonata shavuni.

Komredi_Thika
Salamu kutoka Kenya. Wadau, naona kila mtu hapa ni wa waya, wacha nitetee upande mwingine. Hosteli yetu tuko wanne, soketi ni mbili. Waya ulinisumbua vibaya: unashuka kitandani usiku kwenda msalani, laptopu inakufuata. Mwenzangu alikanyaga wa kwangu gizani, sikio la kushoto likanyamaza.

Natumia Soundcore Life Q20, zinazunguka sikio na zinafuta kelele. Kampuni inasema saa 40 na mimi nachaji wikendi tu, hivyo sigombanii soketi na mtu. Stima ikipotea zinaendelea. Nilinunua Luthuli Avenue, nikazijaribu palepale dukani kabla ya kutoa pesa. Stori za chumbani nazisikia kiasi, hilo MtuWaMasafa amesema kweli, ila nikiweka sauti ya mvua chini kabisa haziniingii akilini.

Halafu kuna simu. Mwaka wa tatu utaanza kutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo, usaili mwingi uko mtandaoni. Ulizeni pia maiki.

MtuWaMasafa
Komredi, Q20 ni chaguo la haki kwa bei yake, sizipingi. Kwenye maiki lakini waya ndio wenye nguvu. Hedifoni ya Bluetooth ikifungua maiki kwenye laptopu, mara nyingi inashuka kwenye hali ya simu na sauti unayosikia inakuwa nyembamba ghafla. Iafoni yenye kimaiki kwenye waya haina shida hiyo.

Kuna na ucheleweshaji. Kwenye video programu nyingi hurekebisha, mdomo na sauti vinaenda pamoja. Kwenye gemu utauona.

Daktari_Mtarajiwa
Niko mwaka wa nne udaktari. Ndugu zangu, tuongelee masikio yenyewe, kwa sababu hedifoni utanunua nyingine.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu inayoingia sikioni inakuwa maradufu, kwa hiyo muda salama unakatika nusu. Ukifika desibeli 83 umebaki na saa 20. Desibeli 90, saa 4 kwa wiki nzima. Desibeli 100, dakika 20. Vinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena, na dalili ya kwanza mara nyingi ni mlio wa "nziii" ukiwa umelala kimya.

Hili linahusu chumba chako moja kwa moja. Mtu hapandishi sauti kwa sababu anapenda kelele, anapandisha kushindana na kelele ya chumbani. Kwa hiyo kifaa kinachoziba vizuri ni kinga. Ukikuta umevuka asilimia 60 ya sauti ya simu ili umsikie mhadhiri, kifaa chako hakizibi, na dawa yake ni kubadilisha vile vifuniko vya mpira au kifaa chenyewe.

Na tafadhali msiazimane iafoni za kuingia sikioni. Chumba cha watu watano mmoja akipata maambukizi ya tundu la sikio, yanazunguka.

Kijana_wa_Mabibo
Asanteni sana, nimejifunza kitu kikubwa hapo kwenye malori na sauti za watu. Naona KZ zinaongoza. Maswali yangu: simu haina tundu, nifanyeje? Na je, nitajuaje kwamba jamaa wa chini hanisikii? Yeye hawezi kulalamika, ni mpole sana, na sitaki apoteze usingizi kwa ajili yangu.

Fundi_Kkoo
Niko Kariakoo, natengeneza simu. Kwenye adapta hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteza hela. Adapta za USB-C kwenda pini ya 3.5 ziko za aina mbili. Moja ni waya tu, inategemea simu itoe sauti yenyewe. Nyingine ina chipu ndani, inaitwa DAC, inayogeuza sauti ya kidijitali iweze kusikika. Samsung zisizo na tundu zinahitaji hii ya pili. Ukichomeka ya kwanza hutasikia kitu, au simu itakuandikia kwamba kifaa hakitambuliki. Ukifika dukani mwambie muuzaji "nataka yenye DAC", chomeka kwenye simu yako mwenyewe, piga wimbo, jaribu na maiki. Usiondoke kwa maneno.

Kuhusu Sony za mkono wa pili: zivae kwanza, washa kufuta kelele, simama karibu na jenereta ya duka. Sikiliza masikio yote mawili, kama upande mmoja unavuma au unakwaruza maiki yake imekufa. Kisha zungusha vikombe vyake na panua utepe wa kichwani taratibu, pale penye kiungo cha plastiki hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Betri huwezi kuipima kwa dakika tano, hapo unabahatisha tu, na kuibadilisha ni kazi ya kufungua kila kitu.

Feki zipo nyingi na boksi lake linapendeza kuliko la halali. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, jibu umeshalipata.

Binti_Unguja
Swali la jamaa wa chini lina jibu rahisi. Subiri chumba kitulie usiku. Weka mhadhara kwa sauti unayosomea siku zote, kisha vua zile iafoni uziache zimebanwa kati ya vidole kama zilivyokuwa zimeziba sikio. Mwambie rumeti mwingine alaze kichwa kwenye mto wa chini. Akisikia hata "tss tss" ya konsonanti, punguza. Kwa hedifoni kubwa fanya hivyohivyo, mito miwili ikiwa imegusana.

Na epuka hedifoni zenye mgongo wazi, zile zenye wavu kwa nje kama Sennheiser HD 600. Wapenda muziki watakusifia, na kweli zinaimba vizuri, lakini zimeundwa zitoe sauti nje. Chumba kizima kitasoma kozi yako.

Komredi_Thika
Mtandio na miwani sikuwa nimevifikiria, dada umenifungua macho. Kijana, kama huna miwani na unapata Q20 au CH720N nzima, bado nasema usizidharau. CH720N ni nyepesi, gramu 192, na zina tundu la waya, hivyo kwenye laptopu unaweza kuchomeka.

Daktari_Mtarajiwa
Kwa siku za mechi mimi hutumia viziba sikio vya sponji, vile vya viwandani. Viko kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, na bei yake haifikii hata nauli zako za wiki. Pakiti inaandikwa NRR (kipimo cha jinsi kinavyopunguza kelele) na namba, tafuta karibu na 30. Viringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka kitanuke. Wengi hukibandika mlangoni mwa sikio tu kisha wanasema hakifanyi kazi. Ukisoma PDF huhitaji sauti yoyote, kwa nini uweke hedifoni? Weka sponji.

Ila ukiziba kabisa, kubalianeni na mtu mmoja chumbani akuguse bega kukiwa na dharura. Hosteli hutokea moto, hutokea mgonjwa usiku.

Kijana_wa_Mabibo
Nimeamua. Nachukua KZ zenye waya unaochomoka, ukikatika nabadilisha waya peke yake. Nachukua adapta yenye DAC, vifuniko vya sponji vya iafoni badala ya mpira, na pakiti ya viziba sikio. Vyote havifiki laki na nusu, kinachobaki kinaenda kwenye fotokopi za UE. Jamaa wa chini nimeshamwambia, yeye mwenyewe amesema atalaza kichwa tufanye lile jaribio la Binti_Unguja.

Fundi_Kkoo
Vizuri. Chukua saizi mbili za sponji, ya kati na ndogo, masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Na unapochomoa waya shika plastiki ya pini, usivute waya wenyewe. Karibu Kariakoo ukija kununua adapta, njoo na simu ikiwa na chaji.